Kuimba kiopera nyimbo za asili za Brazil: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha sauti, na kwa miaka mingi sasa nyimbo za Brazil ndizo ninazozirudia kuliko nyingine zote. Kila nikiziimba mbele ya watu, nikishuka tu jukwaani nakutana na maswali yale yale: kutoka kwa waimbaji wa kwaya, wanafunzi, na wasikilizaji waliovutwa na kitu wasichokijua jina. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa jinsi ninavyoyaelewa.

Ni muziki gani hasa?

Chukua mwimbaji aliyefunzwa sauti ya opera, ile inayovuka okestra nzima bila kipaza sauti. Mpe wimbo wa mvuvi wa mto Amazon, mwito wa mchunga ng'ombe wa nyika kavu za kaskazini mashariki, wimbo wa palizi ulioimbwa na watumwa, au wimbo wa kumwita Xangô, mungu wa radi. Watunzi wa Brazil waliingia humo kwa milango miwili. Wengine walichukua wimbo wenyewe kama ulivyoimbwa na watu, wakauwekea piano au okestra. Wengine walitunga upya kabisa, ila kwa mapigo, ngazi za noti na misemo waliyoisikia mitaani na mashambani. Msikilizaji mara nyingi hawezi kutofautisha, na kwangu hiyo ni dalili kwamba kazi ilifanywa vizuri.

Ulianza lini mchanganyiko huu?

Zamani kuliko watu wanavyodhani. Katika karne ya 18, Domingos Caldas Barbosa, mtoto wa Mreno na mama aliyetoka Angola, alizipeleka modinha na lundu kwenye sebule za wakubwa wa Lisbon. Modinha ni wimbo wa mapenzi wenye majonzi, lundu ni ngoma yenye asili ya Angola na Kongo. Mashairi yake yalichapishwa mwaka 1798. Rio de Janeiro nako, padri José Maurício Nunes Garcia, mjukuu wa watumwa, alikuwa akitunga misa za kanisa kuu na modinha kwa kalamu ile ile. Kwa hiyo tangu mwanzo ukuta kati ya muziki wa wasomi na wa watu ulikuwa na matundu.

Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 mwimbaji "wa heshima" alitakiwa kuimba Kiitaliano. Alberto Nepomuceno, mzaliwa wa Fortaleza, aliupinga mtindo huo: mwaka 1895 aliandaa onyesho Rio la nyimbo zake kwa Kireno, na wakosoaji wakamjia juu. Anakumbukwa kwa kusema kwamba taifa lisiloimba kwa lugha yake halina nchi. Kisha mwaka 1928 Mário de Andrade, mshairi na mwalimu wa muziki wa São Paulo, akaandika insha iliyowataka watunzi wakae chini wausikilize muziki wa watu wao kwanza ndipo washike kalamu. Kizazi kizima kilimtii.

Ule wimbo wa soprano na chelo nane ni upi, na kwa nini kila mtu anaujua?

Ni Bachianas Brasileiras namba 5 ya Heitor Villa-Lobos (1887–1959). Ndio mlango ambao wengi wetu tuliingilia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Villa-Lobos alikuwa mpiga chelo, lakini ujana wake aliumalizia mitaani Rio akipiga gitaa na vikundi vya choro, muziki wa ala wa mitaa ya Rio. Ukilijua hilo, sehemu ya kwanza ya kazi hii, iitwayo Aria na iliyotungwa 1938, inafunguka yenyewe. Chelo zinaanza kwa kudonolewa kwa vidole, hazisuguliwi kwa upinde. Sikiliza vizuri: hilo ni gitaa la usiku chini ya dirisha la mwanamke. Mapigo ni 5 kwa kila kipimo, kisha hesabu inahamahama, kwa hiyo mguu wako haupati pa kutulia, na ndivyo mpiga gitaa wa barabarani anavyomsubiri mwimbaji avute pumzi. Juu yake soprano anaingia kwa "a" tupu, bila neno hata moja, na chelo moja inamfuata chini yake kama kivuli.

Katikati yanakuja maneno, mashairi ya Ruth Valadares Corrêa, mwimbaji ambaye pia ndiye aliyeuimba mara ya kwanza mwaka 1939. Ni jioni, wingu la waridi linapita, mwezi unachomoza. Hapa sauti inashuka, inaanza kukariri harakaharaka kwenye noti zinazojirudia, karibu na kusema. Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa sababu wanataka kuendelea kung'ara. Using'are. Sema. Kisha wimbo wa mwanzo unarudi, safari hii mdomo umefumbwa kabisa, na noti ya mwisho inaruka hadi "la" ya juu, kwa mdomo uleule uliofumbwa, taratibu mno. Nimeiimba noti ile mara nyingi, na hadi leo moyo hunidunda kabla yake.

Sehemu ya pili ni ya 1945 na inaitwa Martelo, yaani nyundo. Jina hilo ni la umbo la ushairi wa malenga wa kaskazini mashariki wanaojibizana papo kwa papo. Maneno ni ya Manuel Bandeira wa Recife (ndiyo, jina lake ni lile neno la Kireno tulilolipokea sisi tukapata "bendera"). Mwimbaji anamsihi ndege wa nyika za Cariri aimbe, na silabi zinamiminika kama mvua ya mawe kwenye bati. Wengi huimba sehemu ya kwanza wakaiacha ya pili. Nawaelewa, lakini wanaacha nusu ya ukweli: ile ya kwanza ni usiku wa mjini, hii ya pili ni jua la mchana kijijini.

Mbali na Villa-Lobos, kuna nani wengine?

Wapo wengi, na kwa sauti inayojifunza baadhi yao ni rafiki zaidi kuliko yeye.

Kipenzi changu ni Waldemar Henrique (1905–1995) wa Belém, mji ulio karibu na mdomo wa Amazon. Alitunga mfululizo wa nyimbo za hadithi za mto ule, na dada yake Mara akaziimba kila walikoenda. "Foi Boto, Sinhá!" ya mwaka 1933, kwa maneno ya Antônio Tavernard, inahusu pomboo wa mtoni ambaye usiku hugeuka kijana mtanashati, huvaa nguo nyeupe na kofia, akaja kwenye sherehe kuwalaghai wasichana. Anayesimulia anamwambia bibi mwenye nyumba: alikuwa boto huyo, bibi, ndiye aliyekuja. Mkono wa kushoto wa piano unarudia pigo lile lile zito tangu mwanzo, kama ngoma ng'ambo ya mto. "Tamba-tajá" inatokana na hadithi ya mume aliyembeba mgongoni mkewe mgonjwa kila alikokwenda, na mke alipofariki akajizika naye. Juu ya kaburi likaota jani lililobeba jani dogo mgongoni. Huwezi kuuimba wimbo huo kwa sauti ya kujionyesha. Haukubali.

Jayme Ovalle, naye mzaliwa wa Belém, aliacha nyimbo chache, lakini kila moja imepimwa kama dawa. Ernani Braga alipanga nyimbo tano za kaskazini mashariki ambazo waimbaji wa dunia nzima wanazipenda, ndani yake mna bembelezi, wimbo wa palizi, na "Engenho novo!" unaozunguka kwa kasi kama gurudumu la kinu kipya cha miwa. Francisco Mignone, Lorenzo Fernandez, Hekel Tavares na Luciano Gallet kila mmoja ana hazina yake. Camargo Guarnieri aliandika nyimbo zaidi ya 200. Ukizimaliza hizo, njoo tuzungumze tena.

Je, sauti ya opera haiui wimbo wa asili?

Inaweza kuuua, na mara nyingi imeuua. Nitawaambia jinsi inavyotokea.

Sauti ya opera imejengwa ili isikike mbali. Koo linashushwa, irabu zinaviringwa, mtetemo unaanza mara noti inapozaliwa. Mchunga ng'ombe wa sertão, zile nyika kavu za kaskazini mashariki, naye anasikika mbali, lakini kwa njia nyingine: sauti ya kifua, yenye pua kidogo, iliyonyooka kama kamba, inayopanda na kushuka bila maneno ili ng'ombe wafuate. Mwito huo unaitwa aboio. Ukiuchukua ukauvika mtetemo mpana na irabu za mviringo, unabaki na mwanamke wa opera anayejifanya mchunga, na watu wanacheka au wanasinzia.

Mwanafunzi wangu mmoja, soprano mwenye sauti safi sana, aliniimbia wimbo wa coco, ngoma ya kaskazini mashariki. Hakukosea kitu, lakini chumba kizima kilikuwa kimepoa.

"Mwalimu, nimekosea noti?"

"Hapana mwanangu, hata moja."

"Sasa mbona hauchezeki?"

Nilimwambia avue viatu. Kwa wiki nzima hakuimba. Alizunguka chumbani akikanyaga pigo na kuyasema maneno, kwanza polepole, kisha kwa mwendo wake. Siku aliporudisha sauti, sauti ilikuwa imekuwa ndogo zaidi na yenye nguvu zaidi, kwa sababu sasa ilikuwa inapanda juu ya kitu. Huu ndio msimamo wangu kwa jambo hili lote: anza na miguu, halafu mdomo, na sauti ije mwisho. Anayeanza na sauti hafiki.

Kwa upande wa ufundi, haya ndiyo ninayoyashikilia. Noti ianze ikiwa imenyooka, mtetemo ujitokeze wenyewe mwishoni kama unataka. Irabu zibaki karibu na za kuzungumza. Shusha ufunguo ikibidi. Wimbo uliozaliwa kwenye sauti ya kifua ukiupandisha juu sana unapoteza nyama yake. Na pumzi: mafunzo ya klasiki yanakupa pumzi ndefu, usiione aibu. Modinha inahitaji pumzi hiyo, na mvuto wa kuteleza kutoka noti moja kwenda nyingine unafaa hapo kuliko mahali pengine popote. Hakuna anayekutaka utupe ulichojifunza.

Mdundo nausomaje?

Hesabu nane, lakini zigawe hivi: moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili. Piga kofi kwenye kila "moja". Umeshapata uti wa mgongo wa baião, ngoma ya kaskazini mashariki, na wa nyimbo nyingi za huko. Piga hadi usihitaji kuhesabu, ndipo ufungue karatasi.

Karatasi yenyewe inadanganya kidogo. Mtunzi ameandika noti fupi, ndefu, fupi, na mwanafunzi mwaminifu anaziimba kwa rula. Wabrazili hawaziimbi kwa rula. Ile ya kati inavutwa kidogo sana, kiasi kwamba kalamu haiwezi kuandika. Dawa ni kusikiliza tari na kayamba za kienyeji, yaani pandeiro na ganzá, kabla ya kusikiliza mwimbaji yeyote wa jukwaani. Na umwombe mpiga piano wako afanye hivyo pia. Nimeona maonyesho yakiharibika kwa mpiga piano aliyeufanya mkono wa kushoto uwe wa Schubert, mtunzi wa Ulaya.

Kuna pia ngazi ya noti ambayo watu wa kwaya mnaozijua solfa mtaifurahia: d r m fe s l ta d. Fa imepandishwa, ti imeshushwa. Iimbeni mara kumi asubuhi. Ikishakaa kooni, nusu ya nyimbo za kaskazini mashariki hazitawashangaza tena.

Kireno kinanishinda. Nifanyeje?

Kwetu sisi Waswahili nusu ya kazi imeshafanyika. "Nh" yao ni "ny" yetu kamili: Sinhá ni "Sinya". Irabu zetu ni safi, hatuhitaji kufundishwa kufungua mdomo.

Tunapoanguka ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wetu unafanya hivyo hata usingizini. Kireno kinakaza penye haki yake: si-NYA, ser-TÃO, azu-LÃO. Ukisema "SI-nya", umevunja neno na umevunja mdundo pamoja nalo, maana mtunzi ameliweka pigo zito kwenye silabi ile ya mwisho. La pili ni irabu za puani, kama ile "ão". Si "aun" yenye n mwishoni. Ulimi haugusi popote, sauti inapita puani na mdomoni kwa pamoja. Fanya mbele ya kioo: ulimi ukipanda, umekosea.

Mengine ni madogo: "o" ya mwisho inakuwa "u", "e" ya mwisho inakuwa "i", na Rio "ti" na "di" zinasikika "chi" na "ji", hivyo noite ni "noichi". "R" ya mwanzo wa neno leo kwa Wabrazili wengi ni kama "h", ingawa katika rekodi za zamani utawasikia waimbaji wakiizungusha.

Wabrazili wenyewe wamelibishania jambo hili kwa heshima kubwa. Mwaka 1937 Mário de Andrade aliitisha kongamano São Paulo la lugha ya taifa katika uimbaji, likachagua matamshi ya Rio yawe kielelezo. Mwaka 2005 waimbaji na walimu wakakutana tena, wakatoa kanuni mpya ya matamshi yasiyoegemea mkoa mmoja. Mimi hufuata kanuni hizo kwa nyimbo za kutungwa. Wimbo wa Pernambuco au Paraíba, majimbo ya kaskazini mashariki ambako wengi bado husema "ti" kama tunavyosema sisi, huuacha na lafudhi ya kwao.

Ni sawa kuimba nyimbo za ibada jukwaani?

Swali hili linastahili kuulizwa kabla hujajifunza noti ya kwanza.

Nyimbo nyingi tulizo nazo zilifika kwenye piano kwa njia ndefu. "Nozani-ná" ya Villa-Lobos ni ya Waparesi, watu wa asili wa magharibi ya Brazil. Edgar Roquette-Pinto aliirekodi kwenye silinda za nta mwaka 1912, na Villa-Lobos akaipata huko. Mwaka 1938 ujumbe wa watu wanne uliotumwa na jiji la São Paulo ulizunguka kaskazini na kaskazini mashariki ukirekodi mamia ya nyimbo, zikiwemo za ibada ya Xangô, wakati ambapo polisi walikuwa wakiwasaka waumini wa ibada hizo na kuwanyang'anya ngoma zao. Yaani wimbo ule ule uliokuwa kosa ukipigwa uani na wenyewe, ulikuwa utamaduni ukipigwa kwenye piano sebuleni. Nalisema hili kila ninapotambulisha nyimbo hizi, na sitaacha.

Basi mimi nafanya hivi. Kwenye karatasi ya programu naandika jina la jamii iliyozaa wimbo, juu ya jina la aliyeupanga. Siigizi kupandwa na roho. Sivai mavazi ya ibada ya watu wengine. Mwenye imani ile akiniambia wimbo fulani hauimbwi nje ya nyumba yake, nauweka chini. Nyimbo hazijaniishia.

Na maneno yaliyoandikwa kwa kuiga matamshi ya watumwa?

"Capim di pranta", ule wimbo wa palizi uliopangwa na Braga, kwa Kireno sanifu ingeandikwa "de planta". Wasomi waliandika hivyo ili isikike kama watu weusi wa mashambani walivyosema. Kuna waimbaji wanaosanifisha. Mimi naimba ilivyo, kwa sababu silabi zile ndizo zilizobeba mdundo, ila bila kuchekesha, bila kukunja uso, bila sauti ya kitoto. Waliouimba walikuwa na majembe mikononi.

Kuna uhusiano wowote na sisi?

Upo, na hauhitaji kupambwa. Brazil ilipokea Waafrika wanaokadiriwa kuwa milioni 4.8 katika biashara ya watumwa, wengi kutoka Angola na Kongo, na katika karne ya 19 wengi pia kutoka Msumbiji. Utumwa ulifutwa huko tarehe 13 Mei 1888. Lugha zao za Kibantu ziliacha maneno ambayo Mswahili akiyasikia anageuza shingo. Marimba ni marimba. Katika jongo, ngoma ya mduara ya mashamba ya zamani ya kahawa kusini mashariki mwa nchi, ngoma yenyewe inaitwa angoma. Wimbo mmoja wa jongo ni fumbo: mtu "anaufunga", na mwingine lazima "aufungue" ndipo apate zamu ya kuimba. Aliyekulia kwenye kutega na kutegua vitendawili haelezwi zaidi.

Katika jimbo la Minas Gerais kuna vikundi vya ngoma za Bikira Maria wa Rozari vinavyoitwa Moçambique. Wachezaji hufunga vikopo vya bati vyenye punje kwenye vifundo vya miguu, viitwavyo gunga, na hatua yao ndiyo ala yao. Nilipoziona mara ya kwanza kwenye filamu fupi sikuweza kusema kitu. Zilikuwa njuga.

Na katika "nyimbo tatu za watakatifu" za Ovalle, mmoja unaitwa "Aruanda". Kwa waumini wa umbanda, dini ya Brazil yenye mizizi ya Afrika, ni nchi ya mbali ya mizimu mizuri, na jina lake linatokana na Luanda, bandari walikopakiwa mababu. Unapouimba, imba ukijua unataja mahali palipo kwenye ramani.

Kwaya yetu inaweza kuimba muziki huu?

Bila shaka, na huenda mkaupata haraka kuliko kwaya nyingi za Ulaya. Tafuteni kazi za Carlos Alberto Pinto Fonseca, mwalimu wa kwaya wa Belo Horizonte. "Muié rendêra", wimbo maarufu wa mwanamke mfuma lesi, aliupanga kwa sauti za watu watupu zinazoigiza ala. Misa yake ya Kiafrika-Kibrazili ya mwaka 1971 haina ala. Besi na tena ndio ngoma. Ni ngumu. Anzeni na Kyrie, besi wajifunze peke yao mwezi mzima wakiwa wamesimama, na msiwaruhusu soprano waingie kabla besi hawajatembea sawa.

Piano au gitaa?

Gitaa, ukimpata mpigaji mzuri. Olga Praguer Coelho, mzaliwa wa Manaus, alizunguka dunia akiimba nyimbo hizi na gitaa lake mwenyewe, na ndiye aliyesababisha Villa-Lobos aiandike ile Aria ya chelo nane upya kwa sauti na gitaa. Ukumbi wa watu hadi mia hauhitaji zaidi ya hapo.

Kipaza sauti?

Ndani ya ukumbi, hapana. Nje, na ngoma halisi zikiwepo, ndiyo. Usishindane na zabumba, ngoma kubwa ya kaskazini mashariki, utaumia koo.

Nimsikilize nani?

Bidu Sayão (1902–1999) kwanza. Mzaliwa wa Rio, aliimba katika jumba la opera la Metropolitan, New York, kuanzia 1937, na mwaka 1945 akarekodi ile Aria Villa-Lobos mwenyewe akiongoza. Sauti yake ni ndogo, nyembamba, haina uzito wa kutisha, na kila neno linasikika. Alikuwa ameshastaafu alipokubali kurudi studio mwaka 1959 kurekodi "Floresta do Amazonas" ya Villa-Lobos, na mtunzi akafariki mwaka huo huo. Msikilize pia Maria Lúcia Godoy wa Minas Gerais, na Victoria de los Ángeles wa Hispania.

Kisha Elsie Houston (1902–1943), ambaye kwangu ndiye aliyelielewa jambo hili kuliko wote. Alifunzwa Ulaya, akachapisha mkusanyo wa nyimbo za watu wa Brazil huko Paris mwaka 1930, na anapoimba wimbo wa ibada sauti yake inabadilika mbele ya masikio yako: inavua viatu.

Halafu zima zote hizo umsikilize Clementina de Jesus. Hakufunzwa opera, alikuwa mfanyakazi wa nyumbani hadi alipopita miaka 60, ndipo dunia ikamjua. Mwaka 1982 alishiriki rekodi ya vissungo, nyimbo za wachimba almasi watumwa wa Minas Gerais, zenye maneno ya Kibantu ndani yake. Ukitaka kujua unachokichanganya na klasiki kinasikikaje kabla hujakigusa, ni pale.

Nianze na wimbo upi?

"Azulão" ya Ovalle, kwa maneno ya Bandeira. (Hekel Tavares naye ana "Azulão" yake, angalia jina la mtunzi kabla ya kuchapa.) Ni ya kurasa mbili, haipandi juu, haina haraka. Mtu anamtuma ndege amwambie mpenzi asiye na shukrani kwamba bila yeye nyika si nyika tena. Basi.

Usiguse "Engenho novo!" mwaka wa kwanza. Mimi niliigusa mapema. Kwenye ubeti wa tatu pumzi iliniisha, silabi zikanidondoka moja moja, na mpiga piano akafika mwisho peke yake. Nilirudi nyumbani nikaufanyia kazi kwa kunong'ona tu, konsonanti bila sauti, miezi minne, nikikanyaga tatu, tatu, mbili jikoni huku nikikoroga uji.

"Azulão" utaumudu kwa wiki mbili. Yaseme maneno kwanza kama unayemtuma mtoto dukani, kwa uwazi huo huo. Kwenye "-lão" acha ulimi ulale, noti ipite puani, na usiifunge mpaka piano imalize kupiga yake.